Habari za Mabehewa ya Mizigo ya Marekani, na Mafundi Wayafanyao kwa Udogo

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuona gari la moshi, na wale wa upande wa Mombasa na Nairobi wameiona na reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017, ambayo upana wake ni milimita 1,435, sawasawa na upana wa reli za Marekani. Treni ipitapo, macho ya watu hukimbilia kichwa chake, kisha mabehewa ya abiria, maana labda yumo jamaa. Mabehewa ya mizigo hayana mtu wa kuyatazama. Hupita kama ng'ombe wa mtu mwingine. Leo twataka kueleza habari za watu wa Marekani ambao hayo ndiyo wayatazamayo kuliko yote.

Watu hawa hufanya mifano midogo ya mabehewa ya mizigo ya zamani, hasa ya wakati wa treni za mvuke. Kipimo kipendwacho na wengi ni cha 1 kwa 87, yaani inchi 87 za behewa la kweli huwa inchi 1 ya mfano. Behewa la futi 40 huwa na urefu wa inchi tano na nusu, laweza kulala juu ya kiganja. Mwaka wa 1935 walikutana katika mji wa Milwaukee wakaanzisha chama chao, National Model Railroad Association, nacho kikaweka kanuni za upana wa reli na za magurudumu, ili behewa la mtu mmoja liweze kwenda katika reli ya mwenzake. Asiyejua atasema kwamba huu ni mchezo wa watoto. Na watoto wetu nao hufanya magari ya waya na ya mabua, nayo ni mazuri; lakini mtoto hutosheka gari lake likienda. Hawa huuliza neno jingine: Je, behewa hili lilikuwako? Lilikuwa la kampuni gani, lilijengwa mwaka gani, na mwaka ule ngazi yake ilikuwa ya namna gani?

Ili tufahamu kwa nini ngazi ni neno kubwa, yatupasa kurudi nyuma hata karne ya kumi na tisa. Siku zile treni ya mizigo haikuwa na breki moja ya kuzuia mabehewa yote. Kila behewa lilikuwa na gurudumu dogo la mkono juu karibu na paa, lenye mti wa chuma ulioshuka chini hata kwenye breki. Mwendeshaji akipiga filimbi, washika breki walikimbia juu ya mapaa, wakipita juu ya ubao mwembamba, wakiruka kutoka behewa hili hata lile, na kuzungusha magurudumu hayo moja moja. Mvua ilinyesha, usiku uliingia, na wakati wa baridi ubao ulifunikwa na barafu, walakini kazi ilikuwa ile ile. Aliyeteleza aliangukia kati ya mabehewa mawili yaendayo.

Kuunganisha mabehewa kulikuwa kubaya zaidi. Kiungo kilikuwa pete ndefu ya chuma na pini. Mtu alisimama kati ya mabehewa, moja limesimama na la pili laja. Akaishika pete kwa mkono wake, akaielekeza katika tundu, kisha akatumbukiza pini. Akichelewa kuutoa mkono, vidole vilisagwa. Na akikosa nafasi ya kusimama, alisagwa mwenyewe. Waliojeruhiwa kwa kazi hiyo walikuwa maelfu kila mwaka. Husimuliwa kwamba mkuu wa kazi aliweza kumjua mshika breki aliye mzoefu kwa kuhesabu vidole vyake vilivyobaki.

Na dawa yake ilikuwa imekwisha kupatikana. George Westinghouse alipata hati ya breki ya hewa iliyoshindiliwa mwaka wa 1869, na baada ya miaka mitatu aliitengeneza hata treni ikikatika vipande breki zishike zenyewe. Eli Janney wa Virginia, aliyekuwa karani wa duka, alipata hati ya kiungo chake mwaka wa 1873. Kiungo hicho ni kama mkono wa mtu uliokunja vidole. Mikono miwili ikikutana hushikana yenyewe, wala hapana haja ya mtu kusimama katikati. Lakini wenye reli wengi walisita. Gharama ilikuwa kubwa. Tena mabehewa ya kampuni hii yalikwenda katika reli za kampuni ile, na kiungo kipya chafaa nini ikiwa behewa la jirani lina pete na pini?

Mkulima mmoja wa jimbo la Iowa, jina lake Lorenzo Coffin, alikuwa katika safari mwaka wa 1874 alipomwona mshika breki akipoteza vidole viwili vya mwisho vya mkono mmoja. Tangu siku hiyo hakunyamaza. Aliandika barua kwa magazeti, akaingia katika mikutano ya wenye reli, akachosha watu. Mwaka wa 1886 na 1887 breki za namna mbalimbali zilijaribiwa karibu na mji wa Burlington katika jimbo lile lile. Treni ndefu zilipozuiwa, breki za mbele zilishika kabla ya zile za nyuma, na mabehewa ya nyuma yakayagonga ya mbele kwa nguvu. Westinghouse akarudi kazini, akaitengeneza vali yake upya, hata breki ya behewa la mwisho ikashika karibu sawa na ya kwanza. Hatimaye, tarehe 2 Machi 1893, Rais Benjamin Harrison alitia sahihi sheria ya kuwalazimisha wenye reli kutumia viungo vya kujifunga na breki za hewa. Walipewa muda, wakaomba tena muda, hata mwaka wa 1900 ndipo sheria iliposhika kweli kweli.

Hapa twapenda kuongeza neno ambalo wafanyao mifano wangeweza kulitaja zaidi kuliko walitajavyo. Katika majimbo ya kusini kazi hii ya hatari ilifanywa sana na watu weusi. Hatari ilipopungua na mshahara ulipopanda, vyama vya wafanyakazi weupe, ambavyo havikuwapokea watu weusi kuwa wanachama, vilijitahidi kuwatoa. Mwaka wa 1944 mahakama kuu ya Marekani ilihukumu, katika kesi ya Steele, mtu mweusi aliyekuwa mtia makaa wa treni, kwamba chama kinachosema kwa niaba ya wafanyakazi wote hakina ruhusa kuwabagua baadhi yao.

Sasa turudi kwenye ngazi. Sheria ya 1893 haikueleza kila kitu, basi mwaka wa 1911 serikali ilitoa amri ya kutaja vipimo vya kila kitu ambacho mtu hukishika au kukikanyaga. Kishikio cha chuma kisipungue unene wa sehemu tano za nane za inchi, wala nafasi kati yake na ukuta wa behewa isipungue inchi mbili. Inchi mbili hizi ni za nini? Ni za vidole vya mtu aliyevaa glavu, aning'iniapo ubavuni mwa behewa liendalo.

Mtazame basi fundi mezani pake. Vibehewa vya bei nafuu hutoka kiwandani vishikio vikiwa vimeumbwa pamoja na ukuta, kama mistari iliyoinuka kidogo, wala hapana nafasi nyuma yake. Fundi hukwangua mistari hiyo kwa kisu kikali, hutoboa matundu kwa keekee nyembamba kama unywele mnene, kisha hukunja waya na kuutia ndani. Zile inchi mbili, kwa kipimo chake, ni zaidi kidogo ya nusu ya milimita. Huweka kipande cha karatasi nyuma ya waya ili nafasi iwe sawa, hutia gundi, huvuta karatasi. Kisha huanza kishikio cha pili. Behewa moja lina vingi. Sisi tulipopata habari hii mara ya kwanza tulidhani ni kazi ya kupoteza macho. Lakini ukikumbuka vidole vya wale washika breki, waona kwamba nafasi ile ndiyo habari yenyewe, na mstari usio na nafasi ni uongo mdogo.

Ugumu mwingine ni kwamba behewa halikai hali moja. Tutoe mfano mmoja tu, wa behewa la kampuni ya Pennsylvania liitwalo X29. Lilianza kujengwa kwa wingi mwaka wa 1924, la chuma cha pua ubavu wote, na kwa muda wa miaka kumi yalijengwa karibu 30,000. Mtu atadhani yote ni sawa. La! Ya kwanza yalikuwa na kuta za mwisho zilizo sawa kama meza, ya baadaye yalikuwa na kuta zenye mikunjo ya kuzitia nguvu. Milango ilikuwa ya namna zaidi ya moja. Chuma cha chini ya ubavu kililiwa na kutu, basi mafundi wa karakana wakakata sehemu mbovu na kuungia vipande vipya, na vipande hivyo huonekana katika picha. Kwa hiyo atakaye X29 ya mwaka wa 1926 na atakaye X29 ya mwaka wa 1950 hawatafuti kitu kimoja.

Maandishi ya ubavuni nayo ni ushahidi. Kila behewa liliandikwa herufi za kampuni, nambari yake, uzito wake likiwa tupu, uzito wa mizigo liwezao kuchukua, na mwezi na mwaka lilipopimwa mara ya mwisho. Mtu akionyesha reli yake na kusema kwamba ni siku moja ya mwaka wa 1947, na behewa limeandikwa kwamba lilipimwa mwaka wa 1949, wenzake watalitambua mara moja, nao hawataona haya kumwambia.

Tena mabehewa yalisafiri. Tangu mwaka wa 1867 wajenzi wa mabehewa walikuwa na chama chao, nacho kikaweka kanuni za kupokeana mabehewa kati ya kampuni na kampuni: nani alipe likivunjika, na viungo vipi vikubaliwe. Aliyekuwa na behewa la mwenzake alilipa kodi, hata akalirudisha. Basi katika treni moja ya mlimani huko Virginia ungeona mabehewa ya New York Central, ya Santa Fe, na ya Southern Pacific kutoka upande wa pili wa nchi, pamoja na yale yaliyojengwa kwa amri ya serikali. Maana mwisho wa mwaka wa 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilizishika reli zote mkononi mwake hata mwaka wa 1920, ikaagiza mabehewa 100,000 hivi ya namna chache tu, ikayagawanya kwa kampuni nyingi. Hayo yalidumu kazini miaka mingi. Mafundi wasiojali hupenda kununua mabehewa ya kampuni ndogo zenye rangi za kupendeza, na treni yao huwa kama bustani. Wenye kujali huhesabu. Hutafuta madaftari ya zamani ya wasimamizi wa treni, ambamo nambari ya kila behewa iliandikwa, nao huona kwamba kampuni kubwa, kama Pennsylvania na New York Central, zajirudia-rudia, na behewa la rangi ni moja katika mengi yaliyo mekundu-kahawia kama udongo.

Wapataje habari hizi? Mabehewa yenyewe karibu yote yamekwisha katwa na kuyeyushwa, kwa sababu kanuni za kupokeana haziruhusu behewa kuukuu kupita umri uliowekwa. Machache yamehifadhiwa, kama huko Strasburg katika Pennsylvania na huko Sacramento katika California. Yaliyobaki ni ramani za viwanda, orodha za mabehewa zilizochapwa na kampuni, na picha. Picha nazo ni shahidi wa kuangaliwa. Nyingi hazina rangi, na filamu za zamani hazikuona wekundu vizuri, hata gari jekundu likatokea karibu jeusi. Mtu akiamua rangi kwa picha moja tu, amejenga nyumba juu ya mchanga.

Chini ya behewa mambo ni mengi vile vile. Breki ya zamani, iitwayo K, ilikuwa na silinda na tangi la hewa vimeunganishwa kuwa kitu kimoja. Ile ya AB, iliyoamriwa kwa mabehewa mapya tangu mwaka wa 1933, ina silinda, tangi na vali mbalimbali, na mabomba kati yake. Mafundi wengine hutengeneza mabomba haya yote kwa waya, na fimbo za breki, ingawa kibehewa kikiwekwa juu ya reli hapana atakayeyaona. Wengine hutengeneza yale tu yaonekanayo ubavuni, nasi hatuwezi kuwalaumu.

Na ubao ule wa paani, ambao washika breki walikimbia juu yake, ulikaa miaka mingi baada ya wao kuacha kukimbia. Tangu mwaka wa 1966 mabehewa mapya yaliyofunikwa yaliruhusiwa kujengwa bila ubao huo, na yale ya zamani yakaanza kuvuliwa. Ngazi ndefu zikakatwa zisifike juu, na gurudumu la breki likashushwa. Fundi achaguaye miaka hiyo ya mwisho huung'oa ubao wa kibehewa chake, huziba matundu, hupiga msasa. Lakini huacha juu ya paa vile vyuma vidogo vilivyokuwa vikiubeba, kwa maana karakana nyingi hazikujisumbua kuvitoa.