Kelele na Kipimo Chake Kisumu

Kwa miongo mingi kelele za Kisumu zilihukumiwa kwa sikio. Reli ilifika mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na honi za garimoshi na meli zikawa sehemu ya siku. Jirani aliyenyimwa usingizi na ngoma au spika alikuwa na kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kero kwa umma. Alidai kelele zimezidi, mshtakiwa alikana, na hakimu alibaki kupima maneno ya mashahidi.

Kipimo kilitoka mbali. Desibeli ilibuniwa na wahandisi wa simu wa Marekani miaka ya 1920. Vyombo vya kwanza vya kupimia kelele za New York vilibebwa na lori. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya chombo cha kushika mkononi kuwa cha kawaida.

Kenya ilitunga Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka 1999, iliyounda mamlaka ya NEMA. Kanuni za viwandani za 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Za kelele za 2009 ndizo zilizogusa mtaa: eneo la biashara desibeli 60 mchana, nje ya nyumba za makazi 50, na usiku, kuanzia saa mbili, 35 kote. Kiwango hicho cha usiku ni kikali mno kwa mji wa ufukweni. Vyura walio katika mafunjo ya Dunga, kando ya ziwa, wanaweza kukipita peke yao. Kwa hiyo mpimaji makini hupima kwanza hali ya mahali, muziki ukiwa umezimwa.

Kabla ya hapo huvisha maikrofoni kifaa kidogo kinachotoa mlio mmoja wa desibeli 94, aone kama chombo kinasoma sawa. Huchagua mizani A, inayofuata usikivu wa binadamu, kisha hukishika chombo mbali na mwili wake. Alasiri upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, na ukiigonga maikrofoni huongeza desibeli ambazo hakuna spika iliyozitoa. Kofia ya sponji haikosekani. Usiku hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, sauti ikapinda kurudi chini na kusafiri mbali. Baa iliyo palepale, na muziki uleule, hufika kwa majirani ambao mchana hawakuisikia.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Baa ina mwenyewe na anwani, hivyo maofisa wanaweza kurudi na kipimo. Disko matanga ni shida kubwa zaidi: hupigwa usiku mmoja au miwili katika boma la mfiwa, na asubuhi spika zimekwisha kurudishwa kwa aliyezikodisha. Lalamiko linalofika ofisini siku ya tatu halina tena kitu cha kupimwa, na kesi hurudi kwenye kifungu cha 175 na masikio ya mashahidi.