Sangara, kipindupindu na korona: nani alikuwa na barafu?

Korona iliposimamisha ndege mwaka 2020, ungeweza kudhani biashara ya sangara hapa Mwanza haijawahi kukutana na balaa kama lile. Si kweli. Ilishakutana nalo Krismasi ya mwaka 1997, wakati wengi wa rika langu tulikuwa hatujazaliwa au bado tuko mgongoni kwa mama. Nadhani historia ile inatuhusu hata leo.

Kwanza tukumbushane safari ya samaki huyu. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na viwanda vya minofu vikaota Mwanza miaka ya 1990. Mvuvi yuko kambini, tuseme Ukerewe au Kome. Boti ya wakala inakuja na barafu, inanunua, inapeleka kiwandani. Minofu mibichi hupanda ndege, na ile iliyogandishwa hupanda kontena kwenda bandarini. Mara nyingi mvuvi amekopeshwa nyavu na mashine na mtu yuleyule anayenunua samaki wake. Hilo la mkopo lishike, tutalirudia.

Mwaka 1997 mvua za El Niño zilianza kumwagika, na kipindupindu kilikuwa kimetapakaa. Haukuwa ugonjwa wa kwetu peke yetu. Wataalamu wanauhesabu kuwa sehemu ya wimbi la saba la kipindupindu duniani, lililoanzia Indonesia mwaka 1961. Tanzania pekee mwaka ule ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,000. Tarehe 23 Desemba Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Waliogandishwa waliruhusiwa, lakini kwa masharti ya kupimwa.

Viwanda vilifanya nini? Vile vyenye mitambo ya kutosha viligandisha minofu badala ya kuisafirisha mibichi, vikatafuta wanunuzi nje ya Ulaya. Vingine vilipunguza kazi, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Kwa lugha ya wasomi wa biashara, huko ndiko kubadili soko na kuweka akiba. Ni akili nzuri, sina ubishi.

Lakini twende mwaloni. Mvuvi hana mtambo wa kugandisha. Sangara akishatoka majini, saa zinahesabika. Wakala akisema bei imeshuka, utamrudisha samaki ziwani? Unauza. Na deni la nyavu halikushuka pamoja na bei! Hasara iliyoanzia Brussels ikateremka ngazi kwa ngazi hadi kwa yule asiye na pa kuitelemsha tena.

Kinachouma zaidi ni kwamba Shirika la Afya Duniani na FAO walisema mwaka 1998 kuwa kuzuia samaki haikuwa dawa, maana hatari ya kupata kipindupindu kwa samaki wa namna hiyo ilikuwa ndogo mno. Zuio liliondolewa tarehe 30 Juni 1998, baada ya miezi sita. Mwaka 1999 likaja jingine, safari hii kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu.

Tuwe wakweli, mapigo yale yalileta mema pia. Ukaguzi ulikazwa, viwanda vikasafishwa, mialo ikaanza kujengewa sakafu na maji safi, na Nyegezi tukapata maabara ya kupima ubora wa samaki. Mnyororo ukaimarika upande wa usafi.

Upande wa muda je? Korona ndiyo iliyotupa jibu. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Tarehe 12 Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa hadi 18 Mei, na minofu mibichi mingi husafiri katika matumbo ya ndege hizohizo. Migahawa ya Ulaya ilikuwa imefungwa. Mpakani na Kenya, Mei ile, malori yalipanga foleni madereva wakisubiri vipimo. Mwenye chumba cha kugandishia angeweza kusubiri. Mvuvi je? Alikuwa palepale alipokuwa baba yake mwaka 1998, mkononi samaki, kichwani deni.

Tangu hapo serikali imenunua ndege ya mizigo, iliyowasili Juni 2023. Ni jambo jema. Ila ndege humsaidia yule ambaye samaki wake tayari ameshafika uwanjani.

Mimi nasema hivi: katika biashara ya samaki, barafu ni muda, na muda ndio nguvu ya kukataa bei mbaya. Viwanda vilipona mara zote hizo kwa sababu vilikuwa na barafu. Tukitaka mvuvi naye apone, vikundi vya wavuvi visaidiwe kumiliki mitambo ya barafu na vyumba vya baridi mwaloni, na mikopo ya nyavu itenganishwe na mnunuzi wa samaki. Tusisubiri ugonjwa mwingine ndipo tuanze kuitana kwenye semina.

Wenye wazee waliovua miaka ile, waulizeni walilipaje madeni yao.