Kitoto cha kuku chenye mguu mbaya: siku tatu za kwanza ndizo za kukiokoa

Mu parseli nyingi za Likasi, tangu Kikula mpaka Panda, watu wanafuga kuku. Wengine wako na kuku wa kienyeji watano ao sita, wengine wananunua kartoni ya vitoto vya siku moja ili wavikomeshe na kuviuza. Mara nyingi ndani ya kartoni kunakuwa kimoja ao viwili visivyoweza kusimama. Neno la kwanza la nyumbani ni: «Acha ikufe tu, iko kilema.» Lakini si kila mguu mbaya ni ulemavu. Kuna mguu unaopona kwa kipande cha sparadra, kuna unaopona kwa chakula, na kuna ule ambao hauponi. Kazi ya mfugaji ni kutofautisha, na kufanya hivyo mapema.

Kiu inaua mbele ya mguu

Kitoto kinapototolewa, ndani ya tumbo kunabaki kiini cha yai. Akiba hiyo inaweza kukilisha siku mbili mpaka tatu, ndiyo maana vitoto vinaweza kusafirishwa mbali ndani ya kartoni. Ikiisha, kitoto kisichotembea hakifikii maji, na wenzake wanakikanyaga. Kinakufa na kiu, kisha watu wanasema mguu ndio umekiua.

Kwa hiyo, kitenge kwanza. Kiweke ndani ya kartoni ndogo karibu na wenzake, kisikie sauti zao. Chovya ncha ya mdomo wake ndani ya maji kila saa mbili mchana, kikunywe chenyewe. Usimwage maji kooni, yataingia kwenye mapafu. Chakula kiwe laini, kimelowanishwa kidogo.

Joto linahitajika pia: digri 32 mpaka 35 juma la kwanza, kisha kupunguza kama digri 3 kila juma. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Likasi ni baridi kali, na umeme ukikatika watu wanawasha mbabula. Makala yanatoa gesi isiyonuka inayoua kuku na watu pia, basi usifunge nyumba kabisa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya kitambaa inaweza kusaidia kwa vitoto vichache.

Miguu inayotawanyika

Mguu mmoja unaenda kushoto, mwingine kulia, kitoto kinalala na kifua. Sababu ya kawaida ni pa kukanyaga panapoteleza: gazeti, plastiki ao kartoni tupu. Kata ukanda mwembamba wa sparadra ao kitambaa laini, funga miguu yote miwili chini ya kifundo kwa umbo la nane, ikae sawa na upana wa mwili. Usikaze: vidole vikivimba ao vikibadilika rangi, fungua mara moja. Chini weka kitambaa chenye kukwaruza kidogo. Kagua kila siku, maana kitoto kinakomaa haraka. Kikianzwa siku za kwanza, mara nyingi kinasimama ndani ya siku chache. Kikingojewa juma mbili, mifupa imeshazoea kupinda.

Vidole vinavyojikunja

Vidole vikikunjika kwa ndani kama ngumi na kitoto kikitembea na vifundo, mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2. Unga wa muhindi peke yake hauitoshelezi. Tafuta vitamini ya kuku ya kutia ndani ya maji kwenye duka la dawa za mifugo, na uongeze chakula halisi cha vitoto. Maini yaliyopikwa na kusagwa ao majani ya lengalenga yaliyokatwa ndogondogo yanasaidia pia. Kikiachwa siku nyingi, mishipa ya fahamu inaharibika na vidole havirudi.

Kifundo kilichovimba

Kifundo kikivimba na mguu ukipinda kwa pembeni, mshipa mnene wa nyuma unaweza kuwa umetoka kwenye njia yake. Ukionwa saa ile ile, mtu mwenye ujuzi anaweza kuurudisha. Baadaye ni vigumu sana. Mara nyingi chakula kimekosa madini ya manganizi, ambayo ni machache ndani ya muhindi na mengi ndani ya pumba za ngano na za mchele.

Miguu laini ya kitoto cha juma mbili ao tatu kinachofungiwa ndani inaonyesha mifupa iliyokosa vitamini D. Kitoe kwenye jua la asubuhi. Lakini usikipe chakula cha kuku wa mayai: chokaa yake ni nyingi mno, inaharibu figo za vitoto.

Wakati mguu ni dalili ya ugonjwa

Kuku wa juma kadhaa akinyoosha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, huenda ni ugonjwa wa Marek, virusi visivyo na dawa. Chanjo yake inapigwa siku ya kwanza, basi muulize muuzaji mbele ya kulipa. Shingo ikipinda, mavi yakiwa ya kijani na kuku wengi wakifa kwa ghafla, fikiria Newcastle. Hapo usiuze wala usihamishe kuku hata mmoja: mwite veterineri. Na kila mara, nawa mikono na sabuni kisha kushika vitoto, zaidi sana watoto wa nyumbani.

Kitoto kisichokunywa tena, chenye maumivu na kisichobadilika kisha siku tano ao sita za matunzo, kukimaliza haraka ni huruma pia. Lakini uamuzi huo unakuja mwisho, kisha maji, joto na sparadra.