Wimbo wa Lugha Ngeni Katika Ibada: Jibu la Martin Luther na Maana Yake Kwetu

Wachungaji wengi wa sharika zetu wamekwisha kukutana na jambo hili. Kwaya inasimama na kuimba wimbo wa Kizulu au wa Kilingala. Ni wachache mno kanisani waijuao lugha hiyo, na pengine waimbaji wenyewe wameyakariri maneno bila kuyafahamu. Hata hivyo watu wanainuka, wanapiga makofi, na wengine wanatokwa na machozi. Baada ya ibada mzee wa kanisa humwendea mchungaji na kumwuliza: Je, tumemwabudu Mungu, au tumejifurahisha nafsi zetu?

Swali hilo ni la haki. Mtume Paulo anataka kuimba kwa roho kuandamane na kuimba kwa akili (1 Kor. 14:15), na Kanisa letu lilizaliwa katika kudai kwamba watu waisikie Injili kwa lugha yao. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba Luther mwenyewe alikabiliwa na swali hilo, na kwamba jibu lake lilikuwa pana kuliko wengi wetu tunavyodhani.

1. Swali ni la kale

Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, Augustino anakiri kwamba mara nyingine uimbaji ulimgusa kuliko yale yaliyoimbwa, naye akahesabu jambo hilo kuwa dhambi. Lakini alipoyakumbuka machozi aliyoyatoa aliposikia nyimbo za Kanisa mwanzoni mwa imani yake, hakuthubutu kuuondoa uimbaji katika ibada. Tuangalie neno moja hapa: Augustino aliimbiwa kwa Kilatini, lugha aliyoijua tangu utoto. Kwa hiyo hatari aliyoiona haikuletwa na ugeni wa lugha. Utamu wa sauti unaweza kuyafunika maneno hata katika lugha tuliyonyonyeshwa nayo.

Karne nyingi baadaye Kilatini kilikuwa kimekoma kuwa lugha ya nyumbani huko Ulaya ya Magharibi, lakini kiliendelea kuwa lugha ya ibada. Mkulima wa Ujerumani alisikia zaburi na misa zikiimbwa kwa ustadi mkubwa asiweze kuzifasiri. Hali hii ndiyo waliyoikuta Watengenezaji wa Kanisa.

2. Wittenberg, 1521 hadi 1526

Krismasi ya mwaka 1521 Andreas Karlstadt aliongoza Meza ya Bwana mjini Wittenberg akitamka maneno ya Bwana kwa Kijerumani. Katika hoja zake juu ya uimbaji aliupinga uimbaji wa sauti nyingi: kama Mungu ni mmoja, na imani ni moja, na ubatizo ni mmoja, basi wimbo nao uwe wa sauti moja. Huko Zürich Zwingli, ingawa alikuwa fundi wa muziki, aliandaa mwaka 1525 utaratibu wa ibada usio na uimbaji wowote.

Luther hakuifuata njia hiyo. Aliporudi Wittenberg mwezi Machi 1522 alihubiri siku nane mfululizo, akawataka watu wasilazimishe mabadiliko kabla dhamiri za walio dhaifu hazijafundishwa, na Misa ya Kilatini ikarudishwa kwa muda. Mwaka 1523 alitoa utaratibu wa Misa ambao bado ulikuwa wa Kilatini, huku akitamani wapatikane watunzi wa nyimbo za Kijerumani. Mwaka uliofuata Johann Walter alichapisha kitabu cha nyimbo za kwaya chenye dibaji ya Luther. Kilikuwa na nyimbo 43, yaani 38 za Kijerumani na 5 za Kilatini.

Misa ya Kijerumani ilichapishwa mwaka 1526. Ajabu ni kwamba katika dibaji ya kitabu hicho hicho Luther anasema hataki Kilatini kiondolewe katika ibada, kwa ajili ya vijana. Anaongeza kwamba kama Kiyunani na Kiebrania vingejulikana kwao kama Kilatini, na kama vingekuwa na muziki na nyimbo nzuri kiasi hicho, angependa ibada iendeshwe kwa lugha zote nne, kila Jumapili kwa zamu yake. Sababu yake ni ya kimisioni: alitaka walelewe vijana watakaoweza kumtumikia Kristo na kusema na watu katika nchi za kigeni, wala hakupendezwa na wale wanaoifungia imani ndani ya lugha moja.

Mpaka wa uhuru huo uliwekwa wazi na Melanchthon mwaka 1531 katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg, Sehemu ya 24. Kilatini kinatunzwa kwa ajili ya wanaojifunza, na nyimbo za Kijerumani zinachanganywa humo ili watu wapate la kujifunza. Lakini ni kosa kufundisha kwamba kusikia masomo yasiyoeleweka kunamfaa mtu kwa kutendeka tu.

3. Toka Ujerumani hadi Makumira, na kurudi

Desturi hiyo haikufa na Luther. Krismasi ya mwaka 1723, huko Leipzig, usharika wa Kilutheri ulisikia Wimbo wa Mariamu ukiimbwa kwa Kilatini katika muziki wa Johann Sebastian Bach. Mahubiri na tenzi za usharika zilikuwa za Kijerumani. Lugha hizo mbili zilikaa pamoja katika nyumba moja.

Wamisionari walipoleta tenzi zao kwetu, walifasiri maneno wakaacha sauti za Kijerumani kama zilivyo. Mara nyingi mkazo wa neno la Kiswahili ukavutwa mahali pasipo pake. Luther alikwisha kuionya kasoro hiyo mapema mwaka 1525, alipoandika kwamba maneno, mkazo na sauti havina budi kutoka katika lugha ya mama, au sivyo ni kuigiza tu. Kwa hiyo inawezekana mtu akaimba maneno anayoyaelewa, na bado wimbo ukawa mgeni kwake.

Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, alitunga wimbo wa Pasaka “Mfurahini, Haleluya”, nao ukaimbwa kwa sauti ya Kitanzania. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliufasiri kwa Kijerumani, na leo ni wimbo namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha Makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Leupold huyo ndiye aliyehariri, mwaka 1965, juzuu la Kiingereza la maandiko ya Luther juu ya ibada na nyimbo. Mfuasi wa Luther alipata furaha katika wimbo wa watu wa mbali, lakini hakuishia hapo. Aliwapa watu wake maana yake.

4. Hitimisho

Tumjibu nini basi yule mzee wa kanisa? Kwanza, tusiidharau furaha ile. Muziki ni karama ya Muumba, na siku ya Pentekoste sifa za Mungu zilitamkwa kwa lugha nyingi (Mdo. 2). Anayefurahia wimbo wa jirani asiyeielewa lugha yake amekwisha kupiga hatua ya kumwendea.

Pili, hatua hiyo isiwe ya mwisho. Kabla kwaya haijaimba, kiongozi ayajue maneno na kuwaambia wasikilizaji maana yake kwa sentensi mbili tatu. Asiyejua wimbo unasema nini hawezi kuwaongoza wengine kuitikia Amina (1 Kor. 14:16).

Tatu, wimbo mgeni usichukue nafasi ya wimbo wa usharika. Mama mzee aliyekuja kwa miguu toka kijiji cha mbali asirudi nyumbani na makofi peke yake. Mahubiri na angalau utenzi mmoja vimpe Injili kwa lugha anayoombea nyumbani kwake. Akikwisha kuipata hiyo, na aimbiwe pia Kizulu, naye afurahi bila kujihukumu.