Betri ya Simu Imechoka? Hivi Ndivyo Unaibadilisha Kwa Keja Bila Kuchoma Nyumba

Simu iko 43%, unafungua kamera upige picha moja, inazima. Ukiiwasha inakuambia iko 2%. Ama unatembea na power bank kila mahali kama mtoto wa mgongo. Wasee wengi wakifika hapo huanza kutafuta doo za simu mpya, na simu yenyewe haina shida yoyote. Skrini iko fiti, spidi iko sawa. Ni betri tu imezeeka.

Mimi nilijifunza hii kitu kwa lazima. Simu ya mathe ilianza kuzima katikati ya siku, na hiyo simu ndiyo duka. Wateja wake hulipa na M-Pesa, na simu ikizima mtu anasema "nitakutumia jioni", unajua hiyo jioni haifikangi. Tulipeleka kwa fundi mmoja tao, akaweka betri "mpya", na baada ya miezi mitatu kava ya nyuma ikaanza kuinuka. Betri ilikuwa imefura. Na mathe hulala na simu chini ya mto.

Hiyo ndiyo siku niliamua nitajua hii story vizuri. Hii hapa yote, kutoka mwanzo.

Kwanza, betri huzeeka aje?

Simu za siku hizi hutumia betri ya lithiamu-ioni. Sony ndio walianza kuiuza mwaka wa 1991, na wanasayansi watatu waliojenga msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia 2019. Ndani yake, chaji husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine na kurudi. Kila mzunguko unaacha uchafu kidogo wa kikemikali, na nafasi ya kubeba chaji inapungua polepole. Si kosa lako, ni vile imeumbwa.

Mzunguko mmoja ni 100% umetumia kwa jumla. Ukitumia 50% leo na 50% kesho, hiyo ni mmoja. Kwa mfano, Apple husema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimeundwa kubakisha 80% ya uwezo baada ya mizunguko 500. Kama wewe huchaji kila siku, hiyo ni kama mwaka mmoja na nusu hivi.

Kitu inaua betri haraka zaidi ni joto. Kucheza gemu simu ikiwa kwa chaja, kuiwacha kwa dashibodi ya gari juani, kuichaji ikiwa chini ya mto. Hizo zote zinakula maisha yake.

Utajuaje ni betri na si kitu ingine?

Usifungue simu bila kuwa na uhakika. Cheki hizi:

- Inazima ghafla ikiwa bado na asilimia, hasa ukifungua kamera ama gemu.
- Asilimia inaruka, kutoka 40 hadi 15 kwa dakika chache.
- Inajaa haraka sana na kuisha haraka sana.
- Kava ya nyuma ama skrini imeanza kuinuka. Hii ni hatari, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya betri iliyofura hapo chini.

Kwa iPhone, ingia Settings, halafu Battery, utaona afya ya betri. Kwa Samsung, apu ya Samsung Members iko na kipimo. Android zingine unaweza kuweka apu inaitwa AccuBattery, iwache ifanye kazi siku kadhaa, itakukadiria betri imebaki na uwezo gani.

Kama simu haichaji kabisa, jaribu chaja na kebo ingine kwanza, halafu safisha tundu la kuchaji na kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa. Wasee wamenunua betri na shida ilikuwa vumbi ya mfukoni.

Kununua betri bila kuchezwa

Hapa ndipo watu huliwa. Usiende Luthuli Avenue ukisema "nataka betri ya Samsung". Enda na nambari ya betri. Galaxy A50, kwa mfano, hutumia EB-BA505ABU. Redmi Note 8 hutumia BN46. Tecno na Infinix nyingi huanza na BL. Tafuta nambari ya modeli ya simu yako kwa Settings, halafu google betri yake.

Ukishika betri mkononi, soma kibandiko. Kuna hesabu rahisi ya kunasa feki. Chukua mAh, gawa kwa 1000, zidisha na volti. Jibu linafaa kuwa sawa ama karibu sana na Wh iliyoandikwa. Betri ya 4000mAh yenye 3.85V inafaa kuwa 15.4Wh. Ukiona imeandikwa nambari hazikaribiani, mwenye aliprinti hicho kibandiko hakujali hesabu, na pengine hakujali betri pia.

Ingine: betri yenye saizi ileile na ya zamani lakini imeandikwa mAh mingi zaidi kwa umbali, hiyo ni uongo. Hakuna mahali ya kuficha hiyo chaji. Na volti ya kuchaji iliyo kwa kibandiko lazima ilingane na ya betri ya zamani. Usikubali "itaingiliana tu".

Uliza waranti, hata ya miezi mitatu, na uandikiwe risiti. Muuzaji akikataa kuandika, asante, duka ya pili.

Vifaa

Huhitaji maabara. Tafuta:

- Bisibisi ndogo za simu, seti moja yenye vichwa tofauti.
- Draya ya nywele.
- Vikadi vya plastiki laini. Kile kikadi laini ulinyofoa laini yako ya simu ni poa kabisa.
- Kijiti cha plastiki cha kuinua konekta. Usitumie kisu. Narudia, usitumie kisu.
- Isopropili alkoholi kidogo.
- Gundi ya simu ama selotepu ya pande mbili.
- Sahani ya kuweka skrubu, na karatasi ya kuchora mahali kila moja imetoka.
- Ndoo ama sufuria ya chuma yenye mchanga mkavu, karibu na wewe.

Huo mchanga si mchezo. Betri ikianza kutoa moshi, unaitupa hapo, unabeba nje kama unaweza, na unakaa mbali. Huo moshi ni sumu, usisimame hapo ukirekodi TikTok.

Kazi yenyewe

Nitatumia Galaxy A50 juu ndiyo ya mathe, na Android nyingi zenye kava ya plastiki hufuata njia karibu na hii. Lakini tafuta video ya modeli yako kamili na uitazame yote kabla ya kugusa kitu.

1. Hifadhi vitu zako. Picha, WhatsApp, nambari za simu. Ukiharibu bodi, picha za marehemu guka hazirudi.

2. Tumia chaji hadi ishuke chini ya 25%, halafu zima simu kabisa. Betri yenye chaji kidogo iko na moto kidogo wa kutoa ikitobolewa. Hii hatua watu huruka, na ndiyo ya maana kushinda zote.

3. Toa trei ya laini. Ukiisahau inaweza kuvunjika ama kukuzuilia.

4. Pasha kingo za kava na draya. Moto wa wastani, ukizungusha, dakika moja ama mbili. Simu inafaa kuwa na joto lakini uweze kuishika. Ikikuchoma vidole, umepitisha, ngoja ipoe. Usielekeze draya mahali moja katikati, betri iko hapo.

5. Ingiza kikadi kwa ukingo na uzungushe polepole. Usisukume ndani, milimita chache tu zinatosha kukata gundi. Ikikataa, pasha tena. A50 iko na alama ya kidole ndani ya skrini, kwa hivyo kava inatoka tu. Lakini kama simu yako iko na alama ya kidole nyuma, kuna utepe mwembamba umeshika kava na bodi. Inua pole, uchungulie, utoe konekta yake kwanza. Mimi nilirarua hiyo utepe kwa simu yangu ya kwanza kujaribu, na hadi leo hiyo simu hufunguliwa na PIN.

6. Toa skrubu za fremu ya plastiki ya ndani, halafu uinue fremu. Weka kila skrubu mahali pake kwa ile karatasi. Skrubu ndefu ikiingia shimo la fupi inaweza kutoboa bodi.

7. Tenganisha konekta ya betri kabla ya kugusa konekta ingine yoyote. Inua juu moja kwa moja na kijiti cha plastiki. Sasa simu haina stima, uko salama kuendelea.

8. Toa betri. Imebandikwa na gundi. Dondosha alkoholi kidogo kwa kingo zake, ngoja dakika mbili tatu, halafu telezesha kikadi chini yake pole pole. Usiikunje, usiitoboe, usiikwangue na chuma. Na kumbuka chini ya betri kuna skrini, usibonyeze chini. Kama imeng'ang'ana, ongeza alkoholi na ngoja. Haraka hapa ndiyo huchoma watu.

9. Weka mpya bila gundi kwanza. Unganisha konekta, washa simu. Cheki inawaka, inachaji, skrini inagusika, sauti iko. Kama kila kitu ni sawa, zima tena, toa konekta, safisha gundi ya zamani, bandika betri, halafu konekta ya betri iwe ya mwisho kurudi.

10. Rudisha fremu, skrubu, halafu kava. Weka gundi nyembamba, na ufunge na mpira ama uweke vitabu juu kwa masaa machache. Kama simu yako ilikuwa haiingizi maji, jua hiyo sifa imeisha. Usiingie nayo bafu.

Baada ya hapo

Usisikize mtu wa "chaji masaa nane ya kwanza". Hiyo ni ya betri za zamani za nikeli. Chaji hadi 100% mara moja, itumie kawaida, na asilimia itajipanga baada ya siku chache. Siku mbili za kwanza ishike ikichaji. Joto kidogo ni kawaida. Ikiwa moto wa kukuchoma, chomoa na urudishe betri dukani.

Kama unataka idumu, ichaji kati ya 20% na 80% ukiweza, na usiichaji kitandani.

Betri ikifura

Hii ni sehemu ya kusoma mara mbili. Kufura ni gesi imejaa ndani. Usiichaji tena, hata dakika moja. Usiibonyeze irudi. Usiitoboe "itoe hewa", juu hewa hiyo inashika moto. Zima simu, iweke mahali pasipo na kitu cha kuwaka, mbali na kitanda na mtungi wa gesi.

Na usiitoe mwenyewe kama ni mara yako ya kwanza. Peleka kwa fundi mwenye anaijua kazi. Hii haihusu ujasiri. Mwaka wa 2016 Samsung walirudisha Galaxy Note 7 kutoka dunia nzima juu ya betri kushika moto, na hao ndio waliitengeneza.

Ya zamani unaipeleka wapi?

Si kwa takataka. Gari ya taka ikiifinya inaweza kulipuka, na mtoto wa mtaa akiokota ataichezea. Bandika selotepu kwa konekta yake, uiweke kwa mkebe mkavu. Nairobi kuna WEEE Centre, hao huchukua taka za elektroniki. Hata duka ulikonunua, uliza kama wanachukua.

Wakati wa kuacha

Kama simu bado iko na waranti, usiifungue. Kama kava ni ya glasi, ama ni iPhone, ambayo nyingi hufunguliwa kupitia skrini, hesabu bei ya skrini kabla ujisikie fundi. iPhone XR na XS kuendelea pia huonyesha ujumbe kwamba betri haijatambuliwa, hata ikifanya kazi. Na kama hiyo simu ndiyo inakulisha, jifunze na simu iliyokufa kwanza. Nunua moja ya soo mbili tatu mtaani, uifungue na kuifunga mara mbili.

Simu ya mathe yenyewe? Ile betri iliyofura sikuigusa, nililipa fundi mwingine aitoe mbele yangu nikiangalia. Mpya nilinunua mimi na nambari kwa karatasi, nikapiga hesabu ya Wh hapo dukani, muuzaji akaniangalia vibaya, na nikaiweka mwenyewe. Inafika jioni ikiwa na 30%. Na sasa hulala juu ya meza, mbali na mto. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kumshawishi kushinda zote.