Sheria ya Msingi ya Ujerumani: Mambo ambayo hata wengi hawapewi

Wahenga walisema: wengi wape. Ndiyo kanuni ya demokrasia, kwamba penye kura nyingi ndipo penye uamuzi. Lakini katiba ya Ujerumani, iliyotangazwa mjini Bonn tarehe 23 Mei mwaka 1949, ilijengwa juu ya wazo linaloiwekea mpaka kanuni hiyo. Waasisi wake waliamini kwamba yapo mambo ambayo wengi hawapaswi kupewa, hata wakiyadai kwa kura. Ili kuelewa sababu, hatuna budi kurudi nyuma miaka thelathini.

Mwaka 1919, baada ya kushindwa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia na kuanguka kwa mfalme wao, Wajerumani walijipatia katiba katika mji wa Weimar. Ilikuwa miongoni mwa katiba za kimaendeleo za wakati wake. Wanawake walikuwa na haki ya kupiga kura, na uhuru wa kusema na wa kuabudu ulitambuliwa. Hata hivyo ilikuwa na kasoro mbili. Haki za raia zilianza kutajwa kwenye ibara ya 109, baada ya vyombo vyote vya dola. Na ibara ya 48 ilimpa rais madaraka ya kutawala kwa amri za dharura na kuzisimamisha haki hizo hizo.

Adolf Hitler hakuipindua katiba hiyo kwa mizinga. Tarehe 30 Januari mwaka 1933 Rais Paul von Hindenburg alimteua kuwa kansela. Jengo la bunge lilipoteketea kwa moto usiku wa tarehe 27 Februari, siku ya pili yake rais alitia saini amri ya dharura iliyofuta uhuru wa raia. Tarehe 23 Machi bunge lilipitisha sheria ya kuiruhusu serikali itunge sheria bila bunge, hata zinazokwenda kinyume na katiba. Wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamezuiliwa kuhudhuria, wengi wao wakiwa kizuizini au mafichoni, na askari wa chama cha Wanazi walijaa ukumbini. Waliounga mkono walikuwa 444. Waliopinga walikuwa 94, wote wa chama cha Social Democratic. Bunge lilijichimbia kaburi kwa kura zake lenyewe, na mwisho wake ulikuwa vita vilivyoiangamiza Ulaya na mauaji ya Wayahudi milioni sita.

Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Hivyo ndivyo walivyokuwa wajumbe wa Baraza la Bunge waliokutana Bonn tarehe 1 Septemba mwaka 1948, kwa kutakiwa na magavana wa kijeshi wa Marekani, Uingereza na Ufaransa. Walikuwa 65, waliochaguliwa na mabunge ya majimbo, pamoja na watano wa Berlin wasiokuwa na kura. Mwenyekiti wao, Konrad Adenauer, alifukuzwa umeya wa mji wa Köln na Wanazi mwaka 1933, na mwaka 1944 akatiwa gerezani. Mjumbe mwingine, Theodor Heuss, alikuwa miongoni mwa wale 444. Naye pia alishiriki kuandika katiba mpya, kisha akawa rais wa kwanza wa shirikisho.

Wajumbe hao waliigeuza katiba kichwa chini. Haki za binadamu zilitangulia, kabla ya serikali. Ibara ya kwanza yasema kuwa utu wa binadamu haugusiki, na kwamba kuulinda ni wajibu wa dola yote. Haki hizo zikawa sheria inayolifunga bunge, serikali na mahakama. Rais akapunguziwa madaraka. Kansela hawezi kuondolewa na bunge mpaka wabunge wawe wamekubaliana juu ya mrithi wake. Njia hiyo imefaulu mara moja tu, mwaka 1982, Helmut Kohl alipochukua nafasi ya Helmut Schmidt. Zaidi ya yote, ibara ya 79 inakataza kabisa kubadilishwa kwa misingi ya utu, demokrasia na muundo wa shirikisho, hata kwa theluthi mbili ya kura.

Katika baraza hilo wanawake walikuwa wanne tu. Mmoja wao, mwanasheria Elisabeth Selbert, alidai iandikwe waziwazi kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa. Pendekezo lake lilikataliwa, kwani lingelazimisha kubadilishwa kwa sheria za ndoa zilizompa mume kauli ya mwisho. Selbert akawageukia wanawake wa nchi nzima, nao wakamimina barua za malalamiko. Mwezi wa Januari mwaka 1949 sentensi hiyo ilikubaliwa.

Katiba ilipitishwa tarehe 8 Mei kwa kura 53 dhidi ya 12. Iliitwa Sheria ya Msingi, jina la kitu cha muda, kwa kuwa Wajerumani wa mashariki hawakushirikishwa. Lakini nchi ilipoungana tarehe 3 Oktoba mwaka 1990, sheria hiyo ya muda ndiyo iliyobaki.

Je, maneno hayo yana nguvu? Mwaka 2005 ilianza kutumika sheria ya kuruhusu ndege ya abiria iliyotekwa nyara itunguliwe, endapo magaidi wangetaka kuitumia kama silaha. Tarehe 15 Februari mwaka 2006 Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe iliibatilisha. Dola, ilisema mahakama, haina ruhusa ya kuwaua abiria wasio na hatia ili kuwaokoa wengine, maana kufanya hivyo ni kuwageuza binadamu kuwa vitu. Wengi hawakupewa.

Hata hivyo mahakama nayo yahitaji kulindwa. Mwezi wa Desemba mwaka 2024 wabunge waliingiza kanuni muhimu za mahakama hiyo ndani ya katiba yenyewe, ili wingi mdogo wa kura usiweze kuidhoofisha siku za usoni. Hofu ya mwaka 1933 bado haijalala, na pengine kutolala kwake ndiko kunakoilinda Sheria ya Msingi.