Samaki Ningu: Hesabu Iliyochelewa

Mkulima wa Mnazi huyajua magunia yake kwa kuyahesabu ghalani. Mvuvi hana ghala. Mali yake imo chini ya maji, naye huijua ile tu aliyokwisha kuitoa. Basi katika kuadhimisha miaka 10 ya Ushirika wetu, yafaa tuitazame habari ya ningu wa Ziwa Victoria.

Ningu ni samaki ambaye, mvua zinapofurisha mito, hutoka ziwani akapanda Nzoia, Kagera na mito mingineyo kwenda kutaga mayai. Wenyeji walimvua kwa migono na nyuzio za miti. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, soko la samaki lilipanuka. Na mwaka 1905 zikaingia nyavu za kigeni za kutegwa. Baadaye nyavu hizo zikategwa hata midomoni mwa mito, ningu akanaswa kabla hajataga.

Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa. Aliona kuwa ngege wamepungua, akashauri matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5. Sheria ikatungwa, lakini haikumfaa ningu, kwani yeye ni mdogo na alitegewa matundu madogo. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilienea, na sheria ile ikaanza kuachwa. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka.

Kwa nini hatari haikuonekana mapema? Kwanza, nyavu zilipoongezwa, jumla ya samaki sokoni ilificha upungufu wa kila wavu. Pili, ningu hukusanyika mlangoni mwa mto. Hivyo wavu waweza kujaa hali ziwani wamebaki wachache. Tatu, mwaka wa uhaba waweza kuletwa na mvua haba au na uvuvi uliokithiri, na hesabu ya mwaka mmoja haiwezi kuvitenga viwili hivyo.

Mwaka 1994 Tanzania, Kenya na Uganda ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, na leo samaki hupimwa kwa mwangwi wa sauti. Hata hivyo chombo hicho hakiwaoni vema samaki wa maji mafupi, wala walio mitoni.

Sisi wa Usambara twajua pia kwamba kanuni njema pekee haitoshi. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli, lakini amri ya matuta ya miaka ya 1950 ilikataliwa, kwa kuwa wakulima hawakushirikishwa.

Basi makarani waandike mizani kwa uaminifu, tena mwaka baada ya mwaka, pamoja na ukubwa wa shamba na hali ya mvua. Na wanachama wasomewe daftari hilo mkutanoni, wapate kuamua wenyewe wakati akiba ingalipo.